Ukuta wa bluu na mito ya njano: kwa nini sebule haikufanana na mchoro

Swali: Mtaalamu, kwa miaka mingi nimeupenda mchoro wa Johannes Vermeer wa mtumishi anayemimina maziwa. Nilipopata nakala yake kubwa niliamua kuipamba sebule yangu kwa kuufuata. Nilichukua bluu ya aproni nikapaka kuta zote nne, nikanunua mito ya kochi na zulia la njano kama blauzi ya yule mwanamke, na nakala yenyewe nikaitundika juu ya kochi. Rangi ni zilezile, nimezilinganisha mwenyewe. Hata hivyo, mchana chumba kinachosha macho na usiku kinakuwa kizito, ilhali mchoro umetulia kabisa. Nimekosea wapi, na je, inanibidi nianze upya?

Jibu: Ndugu msomaji, mchoro uliouchagua ni mzuri na macho yako hayana kasoro, rangi ulizozitoa humo ndizo zilizomo. Kilichobaki nyuma ni vipimo. Bluu na njano za Vermeer zimetulia kwa sababu ya kiasi alichozipa, mahali alipoziweka, aina ya vitu alivyovivika rangi hizo na upande unakotoka mwanga, na ukizihamishia sebuleni bila hayo unakuwa umehamisha majina yake tu. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa jambo hili kwa mchoro mmoja utaweza kuutumia mchoro wowote mwingine utakaoupenda, kisha nitakuambia cha kufanya na chumba ulicho nacho sasa. Karibu kila ulichonunua kitabaki na kazi.

Naomba usimame hatua tano hivi kutoka kwenye nakala yako, ufinye macho mpaka sura ya mtumishi ipotee na yabaki mabaka ya rangi peke yake. Baka kubwa kuliko yote ni ukuta. Umetanda upande wa kulia kuanzia juu, ukashuka nyuma ya mwanamke mpaka karibu na sakafu, na hauna bluu wala njano: ni mweupe uliofifia, wenye ukijivu kidogo na rangi ya krimu kidogo, na kila unapoukaribia unaona kwamba si weupe wa aina moja. Karibu na dirisha, upande wa kushoto, una kivuli. Kadiri unavyokwenda kulia unazidi kung'aa. Uchunguzi wa rangi za mchoro huo umeonyesha kwamba ukuta huo ni nyeupe ya madini ya risasi iliyochanganywa na udongo wa kahawia na nyeusi ya mkaa. Baada ya ukuta yanafuata mabaka mazito ya chini, yaani sketi nyekundu iliyokolea, kitambaa cha kijani cha mezani na kona yenye giza chini ya dirisha. Bluu na njano zinakuja mwisho kwa ukubwa, ingawa ndizo tunazozikumbuka kwanza tukifumba macho.

Kama hutaki kutegemea macho peke yake, chora juu ya picha ndogo ya mchoro huo mistari itakayoigawa mara kumi kwa kumi, upate miraba 100, kisha uhesabu. Blauzi ya njano haitafika miraba kumi. Bluu yote, aproni pamoja na kile kitambaa kinachoning'inia mezani, haitafika miraba ishirini. Wewe bluu umeipa kuta zote nne na njano ukaipa sakafu, yaani wageni wamepewa nafasi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba, ambaye ni ule weupe uliofifia, hayumo chumbani hata kidogo. Kazi ya kuhesabu miraba huchukua nusu saa, na sijaona zoezi lolote linalomsaidia mtu anayepamba nyumba kuliko hilo.

Kuna jambo moja kuhusu ukuta ule ambalo limenifundisha mengi. Mwaka 2022 Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam linaloutunza mchoro huo, lilitangaza kwamba vipimo vya mionzi vimeonyesha vitu viwili ambavyo Vermeer alikuwa ameanza kuvichora kisha akavifunika: kishikio cha kutundikia magudulia ukutani, nyuma ya kichwa cha mtumishi, na kikapu cha kuwekea moto, chini upande wa kulia. Utupu unaouona ulipatikana kwa kuondoa. Vermeer hakuuacha ukuta ule mtupu kwa kukosa la kuweka. Aliacha msumari mmoja na kivuli chake na matundu machache ya misumari iliyong'olewa, akaona inatosha. Mtu anayechukua mchoro huu kama mwongozo wa sebule angepaswa kuuchukua utupu huo kabla hajachukua rangi yoyote.

Sasa nije kwenye sababu ya macho yako kuchoka mchana. Mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa akisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, iliyofuma mazulia ya ukutani. Aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei zinapofumwa pamoja na bluu. Alizipima akakuta weusi hauna kasoro. Kilichoudhoofisha ni jirani yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huibadilisha nyingine machoni mwetu, na kwamba rangi zinazopingana hunoana, kila moja ikaonekana kali kuliko inavyoonekana ikiwa peke yake. Bluu na njano ni jozi ya namna hiyo. Vermeer alilijua hilo kwa mazoea ya mkono, akaziweka karibu kwenye nguo za mtu mmoja tu, katikati ya mchoro, ili macho yaende pale na yakae pale. Katika sebule yako jozi hiyo iko kila upande, kwa hiyo kila pembe inayaita macho na hakuna mahali pa kuyapumzisha.

Kuta nne zenye rangi moja zina jambo lake jingine. Mwanga unaogonga ukuta wa bluu huondoka ukiwa na ubluu, ukagonga ukuta wa pili ambao nao ni wa bluu, na kila unaporuka rangi inazidi kukolea. Ndiyo maana rangi iliyoonekana ya kiasi kwenye karatasi ya sampuli hugeuka kali chumbani, na ndiyo maana huwashauri watu wachague rangi iliyo hafifu kidogo kuliko ile wanayoitaka. Usiku mambo hugeuka. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupata, lakini bluu iliyokolea sana inaweza kurudisha chini ya asilimia 10, hivyo taa zako zinawaka na mwanga wake unamezwa. Uzito unaousikia baada ya jua kuzama unatokana na hapo.

Jambo la tatu ni kitu chenyewe kilichobeba rangi, na hapa ningependa nikae kidogo. Bluu ile haikuwa ya ukuta. Vermeer alitumia ultramarini, iliyotengenezwa kwa kusaga jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na ambayo enzi zake, katikati ya miaka ya 1600, ilikuwa miongoni mwa rangi za bei kubwa kabisa. Aliiweka juu ya nguo, na nguo ina mikunjo. Sogeza uso wako karibu na nakala uitazame aproni: kwenye mkunjo unaoelekea dirishani bluu imepauka karibu na kuwa samawati, pembeni imesimama, na ndani ya mkunjo imeingia giza hadi inakaribia weusi. Unachokiita bluu ya aproni ni bluu tano au sita, na ulipoilinganisha na kopo la rangi ulichagua mojawapo ukaitandaza juu ya plasta iliyonyooka isiyo na mkunjo wala kivuli. Rangi ya namna hii inataka kitambaa. Pazia zito la kitani au pamba lililotiwa bluu, likiachwa liwe pana kuliko dirisha ili lipate mikunjo ya kutosha, litakupa zile bluu zote kwa pamoja, na zitabadilika mwanga unavyobadilika.

Hali kadhalika njano. Blauzi ya mtumishi ni ya kitambaa kizito cha kazi, chenye mishono inayoonekana. Kama mito yako ni ya kitambaa laini kinachong'aa, mng'ao huo unaongeza ukali juu ya ukali. Tazama namna mchoraji alivyogawa mng'ao: ukuta haung'ai, nguo hazing'ai, mkate ni wa kukwaruza kiasi kwamba ameutia vidonadona vya rangi, na kinachong'aa kweli ni chombo cha shaba kilichotundikwa kwenye kona, pamoja na kingo za vyombo vya udongo vilivyo mezani. Mng'ao nao una kipimo chake kama rangi. Ukiwa na kitu kimoja au viwili vya shaba au kauri chumbani na vingine vyote vikawa vya kitani, sufu, mbao na ukindu, utakuwa umeukaribia mchoro huu kuliko mtu aliyepatia bluu yake barabara.

Kuhusu mwanga nitasema machache, kwa kuwa tiba yake ni rahisi. Katika mchoro kuna chanzo kimoja, dirisha la kushoto, na kila kitu kina upande wa nuru na upande wa kivuli. Sebule nyingi zina taa moja katikati ya dari, ambayo humwaga mwanga sawasawa kila mahali na kufuta vivuli. Ukiongeza taa mbili za kusimama au za mezani upande uleule lilipo dirisha, usiku wa chumba utafanana na mchana wake. Tumia balbu za mwanga wa joto, kati ya Kelvini 2700 na 3000, badala ya zile za Kelvini 6500 zenye weupe unaoelekea bluu, na utazame kwenye boksi kiwango cha uaminifu wa rangi (CRI). Kikiwa 90 au zaidi, rangi za vitambaa vyako hazitageuka sana taa zinapowashwa.

Pengine unajiuliza kama bluu na njano haziwezi kabisa kutawala nyumba. Zinaweza, na mchoraji mwingine alionyesha namna. Claude Monet, aliyehamia Giverny, Ufaransa, mwaka 1883 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1926, alikipaka chumba chake cha kulia njano, kuta pamoja na makabati, kwa njano mbili zinazokaribiana, akatundika humo chapa zake za Kijapani. Jiko lililo jirani ni la bluu, lenye vigae vyeupe na bluu. Mlango ukiwa wazi, mtu aliyeketi kwenye njano anaiona bluu kwa mbali, ikiwa imezungushiwa fremu ya mlango kama mchoro. Zile rangi zinazonoana amezitenganisha kwa kizingiti, kila moja ikapata chumba chake, na mkutano wao ukawa kitu cha kuchungulia. Mimi naona huo ni ufumbuzi wa hekima sana, na nimeutumia mara nyingi kwa watu wasiotaka kuacha rangi kali wanazozipenda: chumba kimoja kiwe na rangi moja na ndugu zake, na ile pinzani ionekane kupitia mlango.

Kuna pia michoro inayoruhusu rangi moja kufunika kila kitu. Mwaka 1911 Henri Matisse alichora karakana yake ikiwa nyekundu kuanzia sakafuni, kutani hadi kwenye samani, na wekundu huo aliuweka baadaye juu ya rangi nyingine alizokuwa ameanza nazo. Mtu akiuchukua mchoro ule kama mwongozo, kufunika chumba chote ni haki yake, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha mchoro. Kwa upande mwingine, watu wanaopenda mtindo wa mchoraji Piet Mondrian hukumbuka nyekundu, bluu na njano, wakapaka ukuta mzima kila rangi, ilhali sehemu kubwa ya kazi zake zinazojulikana zaidi ni nyeupe na kijivu. Msanifu majengo Gerrit Rietveld, aliyebuni nyumba ya Schröder mjini Utrecht, Uholanzi, iliyojengwa mwaka 1924, na ambaye alikuwa wa kundi lilelile la wasanii kama Mondrian, alilielewa hilo: kwa nje nyumba ni mabapa meupe na ya kijivu, na rangi kali amezipa vyuma na nguzo nyembamba.

Kabla hujachagua rangi mpya, hakikisha picha unayoifuata ni nzuri. Nakala za mchoro uleule hutofautiana sana. Mimi mwenyewe niliwahi kumpakia mteja chumba kizima kwa kufuata ukurasa wa kitabu, na baadaye tulipopata picha bora ya mchoro ule tukaona kwamba kijani chetu kilikuwa kimezidi unjano. Ilibidi turudie kuta mbili. Rijksmuseum huweka picha za kazi zake kwenye tovuti kwa ukubwa unaomwezesha mtu kuona hata nyufa ndogo za rangi, nayo inafaa kuliko nakala yoyote ya dukani. Tumia hiyo kwa kulinganisha, na nakala yako iwe ya kutundika.

Sasa chumba chako. Usianze na kuta. Anza na balbu na taa za pembeni, kisha ishi nazo kwa wiki moja, kwa sababu sehemu ya uzito wa usiku itaondoka hapo hapo na utaamua mengine ukiwa na macho yaliyotulia. Hatua ya pili ni kuta. Mwombe fundi rangi akuchanganyie nyeupe isiyong'aa yenye tone la kahawia ya udongo na tone dogo zaidi la nyeusi, kwa mfano wa ule mchanganyiko wa Vermeer. Usiipake ukutani moja kwa moja. Chukua kadibodi mbili za upana wa sentimita 50 hivi, zipake mikono miwili, ukiacha ukingo mweupe pembeni ili bluu iliyopo ukutani isikudanganye, kisha moja uiegemeze kwenye ukuta wa dirisha na nyingine kwenye ukuta unaolielekea. Zitazame asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku tatu. Utashangaa kwamba rangi moja imekuwa mbili, na hiyo ndiyo tofauti uliyoiona kwenye ukuta wa mchoro, kwa hiyo usijaribu kuirekebisha. Ukiona kadibodi inaelekea uwaridi au ukijani, ongeza au punguza kahawia kabla fundi hajafungua kopo la pili.

Bluu yako usiifute yote. Ukiwa na kabati la vitabu lisilo na milango, uache mgongo wake wa ndani ubaki bluu, maana vitabu na vivuli vya rafu vitaigawanya kama mikunjo ya nguo. La sivyo, ihamishie kwenye pazia kama nilivyoeleza. Zulia la njano ndilo litakalokuwa gumu kwako, kwani ni baka kubwa na liko chini, mahali ambapo mchoro umeweka rangi nzito. Lihamishie chumba cha kulala au kwenye ujia, na sebuleni uweke la kahawia au la nyekundu iliyokolea kama sketi ya mtumishi. Kati ya mito ya njano bakiza mmoja, au miwili ikiwa kochi ni refu, na uiweke karibu na pazia la bluu ili jozi ile ikutane mahali pamoja tu, kama alivyofanya mchoraji. Mingine ivalishe foronya za kitani kisichotiwa rangi.

Halafu kuna nakala yenyewe. Mchoro halisi ni mdogo, sentimita 45.5 kwa 41, na kwa maoni yangu chumba kilichopambwa kwa kuufuata hakihitaji kuwa nao juu ya kochi, kwa kuwa mgeni ataanza kulinganisha badala ya kukaa. Utundike kwenye ujia au kwenye ukuta mwembamba ulio kati ya milango miwili, mahali mtu anapoupita kwa karibu. Katikati ya picha pawe kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na usiwe mkabala na dirisha, kwa sababu kioo cha fremu kitaonyesha dirisha na jua litapausha karatasi.

Ukuta wa juu ya kochi uache mtupu kwa mwezi mzima. Matundu ya misumari unaweza kuyaziba au kuyaacha. Mwezi ukiisha na bado ukahisi kuna kinachopungua, anzia kwenye kona ya dirisha, penye kivuli, ambapo Vermeer ametundika kikapu chake na chombo cha shaba, uweke kitu kimoja hapo, na ule upande unaopata nuru usiuguse.